Chaneli ya Video ya Mtaa Juu ya Mitambo ya Wengine

Mazungumzo haya yanahusu namna huduma ya chaneli ya video inavyoweza kujengwa mtandaoni kwa kutumia mitambo ya kampuni nyingine, na yanalitazama suala hilo kutoka mitaa miwili ya magharibi mwa Nairobi, yaani Kibera na Kawangware, ambako vijana wamekuwa wakirekodi na kusambaza habari za mitaa yao kwa miaka mingi, na ambako kila shilingi ya bando huhesabiwa kabla haijatumika. Chaneli inayozungumziwa hapa haina mnara wala kibali cha masafa, wala haifanani na akaunti ya mtu mmoja anayepakia kazi zake mwenyewe. Ni orodha ya video zilizotengenezwa na watu mbalimbali na kuhifadhiwa kwenye majukwaa makubwa kama YouTube, ambazo watu wanaoujua mtaa wamezitazama moja baada ya nyingine, wakateua zinazofaa, wakaziandikia maelezo, kisha wakazipanga mahali pamoja ili mkazi wa Laini Saba kule Kibera au wa Gatina kule Kawangware azipate bila kuzitafuta.

Kinachowezesha kazi hiyo kufanywa na kikundi kidogo kisicho na mtaji mkubwa ni kiolesura cha programu, ambacho wahandisi hukiita kwa kifupi API, yaani utaratibu rasmi ambao programu ya mtu mmoja huutumia kuiuliza programu ya kampuni nyingine jambo fulani na kupewa jibu kwa namna iliyokubaliwa. Wakenya wengi wamewahi kukitumia pasipo kujua: mteja anaponunua kitu mtandaoni na simu yake ikamwomba aingize namba ya siri ya M-Pesa, programu ya duka hilo imezungumza na mitambo ya Safaricom kupitia Daraja, jina la kiolesura ambacho kampuni hiyo ilikifungua kwa wajenzi wa programu mwaka 2017. Kwa namna hiyo hiyo kampuni ya Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010, huziwezesha programu za wengine kutuma ujumbe mfupi na kuendesha menyu za namba za nyota na reli. Kiolesura cha YouTube nacho huulizwa habari za video au za chaneli, kikarudisha kichwa, urefu, tarehe ya kupakiwa, picha ndogo ya utangulizi, na taarifa kwamba video hiyo inaruhusiwa kupachikwa kwenye tovuti nyingine au la. Video yenyewe haihami kutoka kwenye seva za Google. Mtazamaji huitazama ndani ya tovuti ya mtaa, lakini kichezeshi kinachoionyesha ni cha YouTube, na gharama ya kuihifadhi na kuisafirisha hubebwa na kampuni hiyo.

Kibera iliwahi kuwa na jambo la namna hii mapema kuliko sehemu nyingi za dunia. Mwaka 2009, mwaka ule ule nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia bahari na kuanza kushusha gharama ya intaneti nchini, Erica Hagen na Mikel Maron walishirikiana na vijana wa Kibera kuanzisha mradi wa Map Kibera, ambao uliujaza mtaa huo kwenye OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri na kuitumia, wakati ambapo ramani za umma zilionyesha eneo hilo karibu kama msitu mtupu. Kutokana na mradi huo ilizaliwa mwaka 2010 Kibera News Network, kikundi cha vijana waliorekodi habari kwa kamera ndogo za Flip na kuzipakia YouTube, na pia Voice of Kibera, tovuti iliyosimama juu ya Ushahidi, programu ambayo Wakenya na wenzao waliibuni Januari 2008 ili kukusanya na kuweka kwenye ramani taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Muundo wa Voice of Kibera unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila kitu ambacho chaneli ya leo ingekihitaji. Ramani ilitoka OpenStreetMap, programu ilitoka Ushahidi, video zilikaa YouTube, na taarifa za wakazi zilifika kwa ujumbe mfupi wa simu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichobuniwa upya kwa ajili ya tovuti hiyo, na hapakuwa na haja ya kukibuni. Kilichokuwa cha Kibera chenyewe ni bodi ya wahariri wa kujitolea, wakazi wa vijiji vya mtaa huo, ambao walizisoma taarifa, wakaamua ipi ithibitishwe na ipi isubiri, na wakaiweka kila moja mahali pake kwenye ramani, iwe Kianda au Silanga, Makina au Kisumu Ndogo. Wahandisi husifiwa sana katika masimulizi ya miradi kama hii, na sifa hizo si za bure, lakini kazi iliyoipa tovuti thamani ilikuwa ya wahariri hao, ambao majina yao hayakuandikwa katika magazeti ya teknolojia.

Umuhimu wa mkono unaochagua huonekana mara tu mtu anapoandika neno Kibera katika kisanduku cha kutafutia video. Mara nyingi atakutana kwanza na kazi za wageni: wasafiri waliopita mtaani kwa saa chache wakiwa na kamera, mashirika yanayochangisha fedha, na wasimulizi wanaorudia kwamba mtaa huo unakaliwa na watu milioni moja au zaidi, ingawa sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070, na ile ya 2019 ikapata watu 185,777 katika kaunti ndogo nzima ya Kibra. Algoriti, yaani kanuni ambazo mtambo huzifuata kuamua video ipi itangulie, haziulizi kama msimulizi anaijua njia ya kutoka Gatwekera hadi Olympic. Zinapima watu wangapi wamebofya, wamekaa wakitazama kwa muda gani, na wametazama nini baadaye, na kwa vipimo hivyo mgeni mwenye watazamaji laki tano ughaibuni humshinda daima kijana wa Lindi ya Kibera mwenye watazamaji mia mbili, ambao wote ni majirani zake. Kawangware ina tatizo jingine, nalo ni kwamba haina umaarufu wa Kibera, wageni hawaimiminikii kwa kamera, na kwa hiyo kilichopo juu yake mtandaoni ni kidogo na kimetawanyika: mahubiri ya makanisa madogo, muziki wa vijana wa mtaa, habari za moto na za barabara, vyote vikiwa vimepakiwa na akaunti zisizojuana. Tena kichwa cha video huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza huku mazungumzo yaliyomo yakiwa ya Sheng au Kiluhya, jambo linalomfanya anayetafuta kwa Kiswahili aikose kabisa.

Ujuzi wa kuteua si mgeni katika mitaa hii. Katika vibanda vya sinema, ambako watazamaji hulipa kiingilio kidogo na kukaa kwenye mabenchi, DJ Afro alijipatia jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng juu ya sauti ya asili, kama alivyofanya Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, nchini Tanzania. Na katika maduka ya muvi yaliyo karibu na steji za matatu, muuzaji huijaza flashi ya mteja akiwa anajua tayari kwamba huyu hapendi filamu za kutisha, kwamba yule ana watoto wadogo nyumbani, na kwamba wa tatu alifikia sehemu ya sita ya tamthilia ya Kikorea wiki iliyopita. Sehemu kubwa ya mali ya maduka hayo ilinakiliwa bila idhini ya wenye hakimiliki, na hilo haliwezi kutetewa, lakini maarifa ya muuzaji kuhusu wateja wake ni ya kweli, na hakuna kampuni ya ng'ambo inayoweza kuyauza kupitia kiolesura.

Upande wa ufundi una ugumu wake, ambao usipoelezwa mapema humaliza nguvu za kikundi katika miezi ya kwanza. YouTube huipa kila programu ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaoitambulisha, na kwa ufunguo huo huhesabu matumizi yake kwa vizio. Kwa mpango wa kawaida ambao umetumika kwa miaka kadhaa, mgao wa siku ni vizio 10,000. Ombi moja la kutafuta video kwa neno hugharimu vizio 100, ilhali ombi la kusoma orodha ya video zilizopakiwa na chaneli inayojulikana, ambalo huweza kuleta hadi video 50 kwa mkupuo, hugharimu kizio 1 tu. Kikundi kinachodhani kwamba kazi yake ni kutafuta maneno 20, yaani Kibera, Kawangware, Gatina, Soweto na mengine ya namna hiyo, kila baada ya saa moja, kingehitaji maombi 480 kwa siku, sawa na vizio 48,000, karibu mara tano ya mgao wake. Kwa kuwa mgao huo huanza upya usiku wa manane kwa saa za Pasifiki za Marekani, ambao kwa Nairobi ni saa nne au saa tano asubuhi kutegemea majira, huduma iliyomaliza vizio vyake jioni hubaki kipofu hadi asubuhi ya pili imekwisha kusogea.

Njia iliyo bora ni kuanza na watu badala ya maneno. Kikundi kikikaa chini na kutaja chaneli 60 ambazo kinazijua, zikiwemo za vikundi vya vijana, za walimu wa muziki, za timu za mpira, za wahubiri na za wapiga picha wa harusi ambao pia hurekodi matukio ya mtaa, programu inaweza kuzipitia zote kila saa kwa vizio 1,440 kwa siku, ikaomba maelezo ya ziada ya video mpya 50 kwa kizio 1, na bado ikabakiza vizio vya kutosha kwa utafutaji mara kumi au ishirini ili kugundua wapakiaji wapya. Hesabu hii inaonekana kuwa ya kihandisi, lakini matokeo yake ni ya kijamii, kwa sababu inakilazimisha kikundi kwenda kuzungumza na wenye chaneli, kujua nani anapakia nini na kwa nini, na kuwaomba ridhaa mapema, badala ya kuziokota kazi zao kama vitu visivyo na mwenyewe.

Baada ya mashine kuleta video mpya, binadamu huanza kazi, na jedwali lake linafaa kuonyeshwa kama lilivyo. Safu ya kwanza ina kitambulisho cha video, ambacho kwa YouTube ni herufi na alama 11. Zinazofuata zina jina la mteuzi, siku aliyoiteua, kijiji au eneo inakohusika, lugha inayozungumzwa, sentensi mbili za maelezo zilizoandikwa na mteuzi mwenyewe, sababu ya kuichagua, neno ndiyo au hapana kuhusu ridhaa ya mwenye kazi, na tarehe ya mwisho ambayo programu ilihakikisha kwamba video ingali ipo. Safu hiyo ya mwisho ina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, maana video hufutwa, hufichwa, na huondolewa ruhusa ya kupachikwa bila taarifa, na ukurasa uliojaa masanduku meusi yanayosema kwamba video haipatikani humfukuza mtazamaji asirudi tena. Kwa bahati nzuri ukaguzi wa video 500 huhitaji maombi 10 tu.

Mahali video ilipopigwa na siku ilipopigwa haviwezi kuachiwa mashine. Tarehe ambayo kiolesura huitoa ni ya siku video ilipopakiwa, wala si ya siku ilipopigwa, na taarifa za mahali ilikopigwa mara nyingi huwa tupu. Uzito wa tofauti hiyo ulionekana Kawangware Oktoba 2017, wakati ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa marudio wa urais wa tarehe 26 mwezi huo, kwa sababu katika siku kama hizo picha ya zamani ya moto wa mahali pengine inaweza kupewa kichwa kipya, ikapakiwa, na ikaonekana kwa mashine kuwa ya leo, huku kila simu inayoipokea ikiongeza hofu katika nyumba ambazo Waluhya, Wakikuyu na wengine wanaishi ukuta kwa ukuta. Mtu anayepanda na kushuka matatu ya 46 kila siku hutambua kwa mtazamo mmoja kwamba maduka yanayoonekana nyuma ya moshi si ya Kawangware. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwamba video ya vurugu haiingii kwenye orodha mpaka wateuzi wawili waitambue sehemu ilikopigwa ni kanuni ya usalama wa watu, na kuchelewa kwa saa tatu kunakotokana nayo ni gharama inayofaa kulipwa.

Kisha kuna suala la bando. Video ya ubora wa kati, ule wa mistari 360, hutumia takriban megabaiti 300 kwa saa, na kichezeshi kilichopachikwa chenyewe hupakua zaidi ya nusu megabaiti ya programu kabla hata picha moja haijasogea, kwa hiyo ukurasa wenye vichezeshi 20 humtoza mtazamaji megabaiti kadhaa kwa kuufungua tu. Tovuti inayowaheshimu watu wa kipato cha chini huonyesha kwanza maneno na picha ndogo, ikasema wazi urefu wa video na makadirio ya megabaiti itakazotumia, na haiiti kichezeshi mpaka mtu aguse. Kampuni kama Poa Internet zimeuza waifai ya bei nafuu Kibera na Kawangware, na huduma hizo zimepunguza mzigo, lakini bado wapo wengi ambao simu yao ina bando la siku moja, na ambao ujumbe mfupi wenye maelezo ya mistari miwili ungewafaa zaidi kuliko ukurasa uliopambwa vizuri.

Swali zito kuliko yote ni la umiliki. Wakazi wengi wa Kibera ni wapangaji: ardhi kwa sehemu kubwa huhesabiwa kuwa ya serikali, ukiacha ekari 288 ambazo jamii ya Wanubi ilipewa hatimiliki yake mwaka 2017, jengo la udongo na mabati ni la mwenye nyumba, na mpangaji ana vyombo vyake tu, ambavyo anaweza kuvibeba siku akiambiwa ahame. Chaneli inayosimama juu ya violesura vya kampuni nyingine imo katika hali hiyo hiyo, na wanaoijenga wanapaswa kujua tangu siku ya kwanza ni vyombo vipi vilivyo vyao. Kamera za Flip zilizotumiwa na vijana wa Kibera zilikoma kutengenezwa mwaka 2011 baada ya kampuni ya Cisco kuifunga biashara hiyo; toleo la pili la kiolesura cha YouTube lilifungwa mwaka 2015, na programu zilizolitegemea, hata zile zilizokuwa ndani ya televisheni za kisasa za wakati huo, zikaacha kuonyesha video; maputo ya Loon, yaliyoanza kuleta intaneti katika sehemu za Kenya Julai 2020 kwa ushirikiano na Telkom Kenya, yalitangazwa kufungwa Januari 2021, miezi sita tu baadaye. Katika kila tukio uamuzi ulifanywa mbali sana na Nairobi, kwa sababu za hesabu za kampuni, na hakuna mkazi aliyeulizwa.

Kwa hiyo chombo cha kubebeka ni lile jedwali. Masharti ya YouTube yenyewe yanaelekeza kwenye jambo hili, ingawa hayakuandikwa kwa nia hiyo, kwa maana yanakataza kuhifadhi taarifa zilizotoka kwenye kiolesura kwa zaidi ya siku 30 bila kuziomba upya au kuzifuta. Kichwa na maelezo yaliyonakiliwa kutoka YouTube ni ya kuazima, lakini kichwa ambacho mteuzi amekiandika mwenyewe kwa Kiswahili, na sentensi zake mbili, na sababu yake, vyote ni mali ya kikundi milele. Anayebana muda kwa kunakili maelezo ya mpakiaji anajinyima kile pekee ambacho kingebaki siku mitambo ikizimwa. Jedwali lihifadhiwe katika faili la kawaida linalofunguka kwenye kompyuta yoyote, nakala yake ikae mahali pawili kila wiki, na kila mstari wa video uwe na nafasi ya anwani ya pili ya video hiyo ikiwa mwenyewe ameiweka pia Vimeo, Facebook au kwenye diski yake nyumbani.

Hapo ndipo ridhaa ya mwenye kazi inapogeuka kuwa msingi wa huduma nzima. Masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua video na kuziweka kwenye seva nyingine, wala kuzionyesha hadharani, na mwenye kibanda anayetoza kiingilio ili watu watazame YouTube kwenye skrini kubwa anayavunja. Lakini kijana aliyeipiga video ana faili lake la asili, na akikubali kwa maandishi anaweza kulikabidhi kwa kikundi, likawekwa kwenye seva iliyoko mtaani kwenyewe. Mtandao wa kijamii wa TunapandaNET, ulioanzishwa na Tunapanda Institute ya Kibera kuunganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi ya redio, umeonyesha kwamba masomo yaliyohifadhiwa kwenye seva ya karibu yanaweza kutazamwa bila kugusa intaneti ya nje wala kula bando la mtu. Chaneli ya mtaa ingekuwa na tabaka mbili kwa mpango huo: video zilizopachikwa kutoka majukwaa makubwa kwa wenye intaneti, na video zenye ridhaa kamili kwa shule, maktaba na kumbi za mtaa.

Kuhusu fedha, mfano ulio karibu ni Viusasa, huduma ya Kikenya iliyoanza mwaka 2017 kwa kutoza shilingi 10 kwa siku, ambayo ilithibitisha kwamba malipo madogo ya simu yanaweza kuendesha biashara ya video. Chaneli iliyojengwa juu ya video za kupachikwa haiwezi kuuiga mpango huo moja kwa moja, kwa kuwa masharti ya YouTube hayaruhusu kumtoza mtu kwa kutazama video ambazo YouTube huzitoa bure. Inaweza kutoza kwa huduma ya ujumbe mfupi, kwa maonyesho ya kazi zenye ridhaa, au kwa matangazo ya biashara za mtaa yaliyo katika ukurasa wenye maandishi yake yenyewe ya kutosha. Maonyesho ya hadharani huhitaji pia leseni ya Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, sura ya 222, na tangazo ambalo bodi hiyo ililitoa mwaka 2018 kuhusu leseni kwa wanaoweka video mtandaoni, lililopingwa vikali na wasanii, lilionyesha jinsi sheria ya zama za sinema inavyoweza kumfikia kijana mwenye simu tu.

Fedha hizo, hata zikiwa kidogo, zinapaswa kumfikia mteuzi kwanza. Habari za Kibera mtandaoni zilijengwa kwa kujitolea, na waliojitolea walikuwa vijana ambao kodi ya nyumba iliwadai kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo wengi walilazimika kuondoka na maarifa yao pale kazi ya kulipwa ilipopatikana. Mteuzi anayekaa saa mbili kila jioni akitazama video 40 ili apate 5, na hasa yule anayeteua vipindi vya watoto, akiwa na hiari ya kuweka Ubongo Kids ya Tanzania kando ya somo la hesabu la mwalimu wa Kabiro kule Kawangware, anafanya kazi ya uhariri kwa kila maana, na inampasa kulipwa kama mhariri.

Mwisho ni haki ya wale wanaoonekana ndani ya video. Mama aliyepigwa picha akilia mbele ya nyumba iliyoungua hakuombwa ruhusa na mpakiaji, na chaneli inapoiteua video hiyo humweka mama huyo mbele ya majirani wote kwa mara ya pili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki juu ya taarifa zake, lakini haki hiyo haimsaidii kama hajui pa kulalamikia. Chini ya kila video pawe na namba ya simu, si fomu ya Kiingereza, na namba hiyo ipokelewe na mtu aliyeko Makina au Gatina mwenye mamlaka ya kuiondoa video kwenye orodha siku hiyo hiyo, hata kama video yenyewe itabaki YouTube mpaka mpakiaji au kampuni iamue kuifuta.